Kunde za kibuyu: shajara ya misimu miwili, Kongwa

MSIMU WA KWANZA

9 Desemba

Nimerudi na kibuyu cha bibi. Kilikuwa kinaning'inia juu ya mafiga, moshi umekipaka weusi mpaka kimekuwa kama chungu, na mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi. Ndani mna majivu na kunde. Bibi alipewa kunde hizi na mama mkwe wake alipoolewa, akazipanda kila mwaka. Miaka mitatu sasa mgongo haumruhusu kushika jembe, na hakuna mwingine aliyezipanda. Wajomba hununua kunde mnadani, zile nyeupe zenye jicho jeusi, kwa kuwa zinaiva mapema na zina wanunuzi. Nimeuliza kwa majirani na hata kitongoji cha pili: hakuna mwenye nazo. Zilizobaki ni hizi tu.

Nimezichekecha majivu na kuzihesabu juu ya ungo. Ni 412. Zipo nyekundu kubwa, zipo nyeusi ndogo zinazong'aa, zipo za rangi ya mchanga zenye madoadoa ya kahawia, zipo za krimu zenye jicho la kahawia, na chache za zambarau ambazo mwanzoni nilidhani ni nyeusi mpaka nilipozipeleka juani. Nimechukua 20 bila kuchagua, nikazifunga kwenye kipande cha kanga kilicholowa na kukiweka ndani ya bakuli lililofunikwa.

13 Desemba

Zimechipua 13 kati ya 20. Kwa mbegu iliyokaa miaka mitatu juu ya moto wa kuni, ni jambo kubwa. Hizo 13 sikuzitupa, nimezihamishia kwenye makopo.

Nimeamua nisipande zote. Mia moja zimeingia kwenye chupa ya kioo zikisubiri. Msimu ukiharibika kabisa, nitakuwa na pa kuanzia.

22 Desemba

Mvua imekaa sawa, nimepanda. Nimezitenganisha kwa rangi, kila rangi na matuta yake. Nyekundu kubwa nimezipa matuta sita katikati ya shamba, kwa sababu ndizo nzuri machoni na ndizo ambazo mtu angenunua. Nyeusi na za madoadoa nimeziweka pembeni, karibu na mtama. Nataka kila moja iwe safi na isimame peke yake, niweze kuipa jina.

Bibi aliletwa kwa bodaboda kuangalia. Alikaa kwenye kigoda, akatazama matuta yangu yaliyonyooka, akaniuliza kwa nini nimezigawa. Nikamweleza habari ya mbegu safi. Akasema, "Mume wangu, hizo zimezoea kukaa pamoja." Nilichukulia kuwa ni maneno ya mazoea tu.

Udongo wetu ni ule mwekundu ambao watu wa hapa wanaujua. Ukilowa ni laini, ukikauka unagonga jembe kama tofali. Ndio uliowashinda Waingereza na mpango wao wa karanga, ulioanza hapa Kongwa 1947 na kuachwa 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36. Walikuwa na matrekta na fedha, ila mvua ya Kongwa na ardhi yake hawakuwa wamekaa nayo. Ninalifikiria hilo kila ninapoishika mbegu ambayo imekaa nayo.

3 Februari

Nyekundu zimeanza kutoa maua, zinapendeza mno. Za madoadoa zimetangulia, tayari zina maganda membamba. Nyeusi bado zinatambaa tu, hazina hata kitumba. Nimewakuta vidukari kwenye ncha za miche kadhaa. Nimewafuta kwa vidole asubuhi na kuwapulizia maji ya sabuni.

Miche tisa ina majani yenye mabaka ya kijani kibichi na njano, yamejikunja. Hayo ni magonjwa ya virusi, na mengine kati yake hupita ndani ya mbegu hadi mwaka unaofuata. Nimeing'oa yote tisa nikaichoma. Mmoja ulikuwa wa zambarau, na zambarau nilikuwa nayo miche saba tu. Niliuzunguka mara tatu kabla ya kuung'oa.

19 Februari

Siku kumi na sita bila tone. Nyekundu zinapukutisha maua. Asubuhi nakuta yamelala chini ya kila mche, na kikonyo kimebaki kitupu.

27 Februari

Mvua imerudi jana usiku. Nimezunguka shamba lote leo na daftari, nami nataka kuliandika hili jinsi lilivyo kwa sababu ndilo limebadilisha mradi mzima.

Matuta sita ya nyekundu, ambayo nilikuwa nimeyapa nafasi bora, yamebaki na maganda ya kuhesabika. Ukame uliyakuta yakiwa kwenye ua. Za madoadoa zilikuwa zimeshakamilisha maganda yao kabla jua halijakaza, nimeshaanza kuchuma. Nyeusi hazikuwa hata zimeanza. Zilikunja majani, zikajilaza chini na kusubiri. Sasa mvua imerudi na vitumba vinaonekana. Za krimu zimeumia nusu.

Mwaka mwingine, jua likikaza mapema Januari au mvua ikikatika Machi, hesabu ingegeuka, na huenda nyekundu ndizo zingeokoa nyumba. Kile kibuyu hakikuwa na aina tano zilizochanganyika kwa uzembe. Mchanganyiko wenyewe ndio mbegu. Mama mkwe wa bibi na waliomtangulia walikuwa wakichuma kila mwaka kile kilichopona na kukirudisha pamoja, na katika miaka ile yote hakuna aina iliyokufa kabisa kwa sababu hakuna aliyezichambua kwa uzuri wa macho. Mimi kwa msimu mmoja, kwa kutaka usafi, nilikuwa njiani kuzimaliza.

Nimekwenda kumwambia bibi. Hakusema "nilikwambia". Aliuliza za zambarau zimebaki ngapi.

10 Machi

Kuanzia sasa kuna kazi mbili, na hazitachanganywa.

Kazi ya kwanza ni kuhifadhi. Kila mche wenye afya, uwe mzuri au mnyonge, unatoa maganda mawili ya mbegu, yote yanaingia chombo kimoja. Nikichuma mbegu kutoka miche kumi iliyostawi kuliko mingine, mwakani nitakuwa na watoto wa miche kumi tu, na kile kilichofichwa ndani ya ile minyonge kitakuwa kimepotea bila mimi kujua kilikuwa nini.

Kazi ya pili ni kuzalisha chotara. Kunde nyeusi ya bibi inastahimili jua, lakini inatambaa mbali na inachelewa. Kunde nyeupe ya mnadani inawahi na kusimama, ila jua likiikuta kwenye ua hali yake ni ile ile ya nyekundu. Nataka kuona kama zinaweza kuzaa inayowahi na kuvumilia. Watoto wao watakaa kitalu chao, na hata wakiwa wazuri namna gani hawataingia kwenye kibuyu.

Nyeupe nilizipanda kwa mafungu matatu, wiki mbili mbili, ili walau fungu moja lichanue wakati mmoja na nyeusi. Fungu la tatu ndilo limelingana.

14 Machi, jioni

Kwa yeyote atakayejaribu, naandika jinsi ninavyofanya.

Ua la kunde hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Vifuko vya chavua hupasuka usiku, na alfajiri ua linapofunguka mambo yameshakwisha. Kwa hiyo kusubiri ua lichanue ni kuchelewa. Mnamo saa kumi na moja jioni natafuta kitumba kitakachofunguka kesho: kimejaa, rangi ya kijani imefifia inaelekea krimu, lakini ncha bado imefumba. Mama ni nyeupe. Nakishika kwa vidole viwili vya kushoto bila kukibana. Kwa ncha ya sindano napasua kwenye ukingo wa juu, nalifungua petali kubwa kama unavyofungua ukurasa, kisha naondoa zile petali mbili za ndani zilizofumbatana kama mtumbwi. Humo mna stameni kumi, yaani nyuzi za kiume zenye chavua, zimezunguka uzi mmoja wa kike uliopinda, wenye vinyweleo karibu na ncha. Kwa kibano nang'oa stameni moja moja nikihesabu kwa sauti mpaka kumi. Ikibaki moja, kazi ni bure. Ule uzi ukiguswa kwa nguvu unavunjika, na kazi ni bure pia. Namaliza kwa kulirudisha petali kubwa lifunike, nafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, na navitoa vitumba vingine vyote vya kikonyo hicho ili chakula kisigawanyike. Kibano nakifuta kwa spiriti kabla ya ua lingine.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nachukua ua la zambarau lililofunguka kwenye mche wa nyeusi, nalimenya, nalipangusa taratibu juu ya ncha ya ule uzi mpaka naona unga wa njano umeshika. Saa nne maua yameshaanza kufumba.

Mgongo unauma, macho yanauma. Kwa jioni moja nafanya sita au saba.

2 Aprili

Nimechavusha maua 38 kwa siku sita. Yaliyoshika ni matano, na mawili kati ya hayo yamedondoka yakiwa na urefu wa kucha. Yamebaki maganda matatu yenye uzi mwekundu.

12 Aprili

Maganda matatu yamekauka. Nimepata mbegu 22. Jirani yangu alikuja kuziona, akasema kwa upole kwamba pole, haikufanikiwa, maana ni nyeupe zenye jicho jeusi tupu, hakuna hata moja nyeusi.

Hilo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Ganda la nje la mbegu ni mwili wa mama, mtoto yuko ndani. Hata kama baba ni mweusi, mbegu iliyozaliwa juu ya mche mweupe itavaa nguo ya mama yake. Rangi ya chotara mwenyewe utaiona akishakua na kuzaa mbegu zake. Nilimweleza, akakaa akaifikiria, kisha akaniuliza kuhusu mahindi, ambayo punje za rangi tofauti huonekana kwenye gunzi lile lile. Swali zuri sana. Rangi ya njano ya hindi iko kwenye wanga ulio ndani ya punje, na huo baba naye anauchangia, ndiyo maana inaonekana papo hapo.

20 Mei

Mavuno ya kuhifadhi: nyeusi nyingi, za madoadoa nyingi, krimu za kutosha, nyekundu kisahani kimoja, zambarau mbegu 61 kutoka miche sita. Zote nimezikausha kivulini juu ya mkeka, kisha nikajaribu kwa meno: mbegu iliyokauka vizuri hupasuka kwa mlio, isiyokauka huacha alama ya jino.

28 Julai

Nimepata hasara na ninaiandika. Ndoo moja ya krimu na madoadoa niliiacha na mfuniko uliolegea, nikisema nitaihamisha wiki ijayo. Leo nimefungua, nimekutana na joto na harufu ya unga. Fukusi. Kila kunde ina tundu la duara kama limetobolewa kwa msumari, na nyingine zina matundu manne. Nimeokota nzima kwa mkono tangu asubuhi hadi adhuhuri, nimepata vikombe viwili.

Fukusi wa kunde huanza shambani. Jike anataga mayai kwenye ganda lililokauka kabla hujachuma, unaleta mbegu nyumbani ukidhani ni salama, na ndani ya mwezi mmoja kizazi kipya kinatoka. Kwa hiyo kuchuma mapema na kufunga mapema ni jambo moja. Mifuko ya PICS ilibuniwa kwa ajili ya tatizo hili hili: Profesa Larry Murdock wa Purdue, Marekani, aliifanyia kazi Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa wakulima wa kunde. Mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa kusukwa, wadudu wanaimaliza hewa wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Mimi nina mbegu chache, kwa hiyo natumia chupa za kioo na kuzijaza hadi mdomoni ili nafasi ya hewa iwe ndogo. Chini naweka mchele uliokaangwa ukakauka kabisa, umefungwa kwenye kitambaa, unyonye unyevu.

Kuna kanuni ya Harrington ambayo wahifadhi mbegu huipenda: ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka maradufu, na ukishusha joto kwa nyuzi tano hivyo hivyo. Jokofu sina, na joto la Dodoma siliwezi. Unyevu nauweza. Na bibi aliuweza kabla yangu kwa moshi na majivu: moshi unakausha, majivu yanajaza nafasi kati ya mbegu, fukusi hana pa kutembea.

15 Agosti

Nimepanda mbegu 14 kati ya zile 22 uani, namwagilia kwa kopo. Nane zimebaki akiba.

1 Oktoba

Miche 12 iliota. Kumi ina maua ya zambarau. Miwili ina maua meupe.

Ua la zambarau ni la baba. Mama ana maua meupe, hivyo mche wenye ua la zambarau ni chotara bila shaka. Ile miwili ni mbegu ambazo mama alijizalia, jioni niliyochelewa kufungua kitumba au niliyohesabu stameni vibaya. Nimeing'oa. Kumi kati ya kumi na mbili kwa mkono wangu wa kwanza, nimeshukuru.

28 Oktoba

Maganda yamekauka, mbegu zote ni nyeusi, miche yote kumi. Nimempelekea jirani mkononi.

MSIMU WA PILI

2 Januari

Shamba la kuhifadhi nimelipanda kama bibi alivyokuwa akipanda: zote ndani ya ungo mmoja, nachota bila kutazama. Zambarau peke yake nimeipa kona ya kuizidisha kwanza, maana ni chache mno, kisha itarudi pamoja na wenzake. Chotara wako upande wa pili, mistari minane ya mtama ikiwatenga. Kunde hujichavusha kwa sehemu kubwa, lakini nyuki wakubwa weusi wana nguvu ya kuufungua ule mtumbwi, na nimewaona wakifanya hivyo.

8 Machi

Kizazi cha pili cha chotara kimechanua: miche 64. Zambarau 47, nyeupe 17. Karibu tatu kwa moja, kama Mendel alivyokuta kwenye njegere zake. Nimehesabu mara mbili nikiwa nimesimama juani. Miche hii haifanani kabisa: upo unaosimama, upo unaotambaa mpaka kwenye mtama, upo uliochanua mapema kuliko mama na upo ambao bado.

Miche minne imewahi, imesimama, na imebaki na majani mabichi katika siku kumi na moja za jua la Februari. Ni minne tu, na siku kumi na moja si siku ishirini. Nimeifunga utepe. Mwaka mmoja hautoshi kusema lolote juu yake.

4 Mei

Mbegu za kizazi cha pili kila mche na nguo yake: nyeusi tupu, nyeupe zenye jicho, na nyingine zenye mabaka meusi juu ya weupe kama ng'ombe. Bibi alizikalia muda mrefu. Akachukua moja ya mabaka, akaitafuna, akasema ganda lake ni gumu, itakula kuni. Nimeandika hilo kwenye daftari la chotara, kwa sababu sikuwa nimefikiria kabisa kupima muda wa kuiva jikoni. Kuanzia msimu ujao kila mche uliofungwa utepe nitachemsha kikombe kimoja cha mbegu zake, nikipima muda kwa saa.

11 Mei

Kibuyu kimerudi juu ya mafiga kwa bibi, kimejaa. Chupa mbili ziko kwangu. Ya tatu nimeiandalia maelezo ya kuipeleka benki ya taifa ya nasaba za mimea, Arusha: jina, kijiji, aina ya udongo, mwezi wa kupanda, ni nani aliyezitunza, zinapikwaje, majani yake yanaliwa lini. Nimemuuliza bibi hayo yote kwanza, kwa sababu mbegu ikifika kwenye friza bila habari zake imefika nusu.

Siuzi. Mbegu ya kuuza inataka uthibitisho wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, na mchanganyiko kama huu hauna sura moja ya kuthibitishwa. Ninagawa, kopo moja moja la chai, kwa sharti kwamba anayepokea arudishe kopo moja baada ya mavuno au ampe mwingine. Nyumba tano zimepokea, tatu hapa kijijini na mbili ng'ambo ya korongo. Moto ukiteketeza kibuyu au fukusi wakinizidi tena, nitajua pa kubisha hodi.

13 Mei

Nyumba ya nne wamezipika. Mgeni alikuja usiku na hapakuwa na mboga. Nimewapelekea kopo lingine leo jioni, pamoja na kilo moja ya kunde za mnadani za kupika.